Ngazi ya Kushukia

Mtu anayeishi katika nyumba iliyobebwa na pikapu hupanda na kushuka mara nyingi kuliko anavyopika. Alfajiri anatoka kutazama mbingu, anarudi kuchukua koti, anatoka tena kufungua mtungi wa gesi, anaingia kuwasha jiko, anatoka na kikombe cha chai aote jua. Bado hajamtembeza mbwa, hajamwaga maji ya vyombo, hajaenda kuokota kuni. Jua linapofika utosini, ngazi ya mlangoni imeshafanya kazi kuliko friji na kuliko godoro ambalo mnunuzi alilipima dukani kwa kulilalia chali na ubavu. Hata hivyo, katika uwanja wa muuzaji ngazi ndiyo kitu kinachokanyagwa bila kutazamwa. Watu wanapanda, wanaingia, na mazungumzo yote yanahamia ndani.

Sura hii ni ya kitu hicho kinachokanyagwa, na ninalo jambo moja la kusisitiza: ngazi ichaguliwe kwa kushuka, isichaguliwe kwa kupanda. Anayepanda anaona anapokanyaga. Mwili wake umeinamia nyumba, mikono inafika kwenye mlango, na akiteleza ataangukia magoti na viganja. Anayeshuka hali yake ni nyingine kabisa. Sakafu ya nyumba inamficha kipandio cha kwanza, beseni alilolibeba linamficha vilivyobaki, na uzito wake wote unaelekea mahali pasipo na kitu. Ngazi nyingi zinazosifiwa dukani zinasifiwa na watu waliozipanda mchana, mikono mitupu, juu ya lami iliyosawazishwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezishuka usiku wa manane kwenye mteremko wa changarawe akiwa na soksi miguuni.

Tuanze na kimo chenyewe, kwa sababu ndicho kinachozaa matatizo mengine yote. Kempa ya pikapu, kama zinavyotengenezwa Marekani na Kanada, si tela. Tela la kuishi hukaa chini, sakafu yake ikiwa karibu na ekseli, na vipandio viwili au vitatu vinalitosha. Kempa huingizwa kwenye bodi ya pikapu, mara nyingi baada ya mlango wa nyuma wa bodi kung'olewa, na sakafu yake hukaa juu ya sakafu ya gari. Pikapu nzito zinazoweza kuhimili mzigo huo, kama Ford F-350 au Ram 3500, zikiwa ni za kuendeshwa na magurudumu yote manne, sakafu ya bodi yake iko kiasi cha sentimita 90 kutoka ardhini au zaidi. Kisha zipo kempa ambazo matangi ya maji yamewekwa chini ya sakafu ya kuishi ili yasigande wakati wa baridi. Hizo huinua kizingiti juu zaidi. Matokeo yake ni mlango unaoanzia mita moja na zaidi kutoka chini, juu ya kiuno cha watu wengi. Na kwa kuwa sehemu ya nyuma ya kempa nyingi hutokeza kupita mwisho wa gari, bampa ya pikapu, ambayo ingekuwa kipandio cha bure, imefunikwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. John Steinbeck alipoizunguka Marekani mwaka 1960, akiwa na miaka 58 na mbwa wake Charley, alitumia pikapu ya GMC yenye kijumba mgongoni, akaiita Rocinante. Gari hilo limehifadhiwa katika National Steinbeck Center mjini Salinas, California. Atakayebahatika kufika huko asiishie kutazama mbele. Azunguke nyuma, autazame mlango, kisha akumbuke pikapu mpya alizopishana nazo njiani. Pikapu zimekua kwenda juu mwaka hadi mwaka, na anayelipa gharama ya kukua huko ni goti la msafiri.

Kabla ya kuuliza bei ya ngazi yoyote, chukua futikamba upime kutoka ardhini hadi kwenye kizingiti. Pima gari likiwa limebeba kila kitu chake: tangi la maji limejaa, chakula kabatini, mafuta, abiria wamekaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 peke yake ni uzito wa watu wawili, na springi za nyuma huinama chini ya uzito huo. Kempa iliyopimwa uwanjani ikiwa tupu na kempa ile ile ikiwa safarini hazina kimo kimoja. Kisha pima tena ukiwa umeegesha mahali palipoinamia nyuma, na mara nyingine palipoinamia mbele. Utapata vipimo vitatu au vinne vinavyopishana kwa upana wa kiganja, pengine zaidi. Ngazi yako inatakiwa iviweze vyote, na atakayekutajia kimo kimoja tu kutoka kwenye karatasi ya kiwandani amekupa kimo cha gari ambalo halipo.

Sasa hesabu. Chukua kizingiti cha sentimita 110. Ngazi yenye vipandio vinne inagawanya kimo hicho mara tano, kwa sababu ardhi hadi kipandio cha kwanza ni hatua, na kipandio cha mwisho hadi sakafuni nayo ni hatua. Kila hatua inakuwa sentimita 22. Vipandio vitatu vinakupa hatua za sentimita 27 na nusu. Vipandio viwili vinakupa karibu 37, na hapo huna ngazi tena, una zoezi la viungo.

Tulinganishe na vipimo ambavyo Wamarekani wenyewe wanavikubali majumbani na kazini. Kanuni ya ujenzi wa nyumba za kuishi inayofuatwa katika majimbo mengi, IRC, inataka hatua isizidi inchi 7 na robo tatu, yaani karibu sentimita 20, na mahali pa kukanyaga pasipungue inchi 10. OSHA, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, inaruhusu ngazi za kawaida za viwandani zifike hatua ya inchi 9 na nusu, karibu sentimita 24, na ukanyagio usiopungua kipimo hicho hicho, zikiwa na mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 50. Kwa mizani ya nyumbani hata vipandio vinne kwenye mlango wetu havipiti; kwa mizani ya OSHA, ambayo ni legevu zaidi, vinne vinapita kwa upande wa hatua, vitatu havipiti. Kwa hiyo nasema bila kusitasita: mlango ukizidi mita moja, usikubali ngazi ya vipandio vitatu kwa sababu tu ni nyepesi au inakunjika haraka. Sekunde unazookoa wakati wa kuikunja utazilipa kila unapotoka mlangoni.

Ukanyagio ni habari nyingine. Mfaransa François Blondel, aliyefundisha usanifu wa majengo mjini Paris katika karne ya 17, aliacha kanuni ambayo wajenzi bado wanaitumia: jumlisha hatua mbili za kimo na ukanyagio mmoja, ipatikane hatua moja ya mtu anayetembea, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 63. Alichokiona Blondel ni kwamba mguu una mwendo wake, na ngazi inayoukatiza mwendo huo huchosha kabla haijaangusha. Ngazi ya kempa haiwezi kumridhisha Blondel kila mahali, maana nyuma ya gari hakuna nafasi ya kuitandaza. Lakini unaweza kuuliza swali alilokuwa anauliza: unyayo wangu wote unaingia? Ngazi nyingi za kukunjwa zina vipandio vifupi kuliko kiatu cha mtu mzima, na kipandio cha juu hufunika sehemu ya kile cha chini yake. Unapopanda huoni kasoro, kwa kuwa unakanyaga kwa vidole. Unaposhuka, kisigino ndicho kinachotangulia kutafuta mahali, na kinagonga ukingo wa kipandio cha juu. Mwili unasukumwa mbele. Huo ndio mwanzo wa kuanguka kwingi.

Kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko kimo cha hatua, nalo ni usawa wake. Mwaka 2012 mtengeneza filamu Dean Peterson aliweka kamera kwenye ngazi za kituo cha treni cha 36th Street huko Brooklyn, New York. Kipandio kimoja kati ya vingi kilikuwa kirefu kuliko wenzake kwa sehemu ya inchi tu. Katika video yake watu wanajikwaa mmoja baada ya mwingine mahali pale pale: wenye mikoba, wenye simu, mtu aliyebeba mtoto. Wengi wangekuambia hawakuona kitu, na ni kweli, maana tofauti ile haikuwa ya kuonekana kwa macho. Mguu ukishapanda hatua mbili zinazofanana huacha kuuliza, unaipima ya tatu kwa kumbukumbu. Baada ya video kusambaa, mamlaka ya usafiri ilikuja kukitengeneza kipandio kile.

Msafiri wa kempa anabeba kituo kile cha Brooklyn popote anapokwenda. Vipandio vyake vya juu vinafanana kwa sababu vimetoka kiwandani pamoja, ila hatua ya mwisho, ile ya kufikia ardhini, hutengenezwa upya kila jioni na mahali alipoegesha. Leo ni sentimita 15, kesho ni 35, keshokutwa upande wa kushoto ni 20 na wa kulia ni 30. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye ngazi ya kukunjwa ni miguu yake: je, inayo miguu inayogusa chini, na kila mguu unarefushwa peke yake? Ngazi za zamani za mkasi, yaani zinazofunguka na kufungika kama mkasi, zilining'inia tu hewani, zikibonyea kila unapokanyaga. Kampuni ya Torklift ya jimbo la Washington ilijipatia jina kwa ngazi zake za GlowStep, ambazo ni mkasi wa alumini wenye miguu ya kurekebisha na alama zinazong'aa gizani. Wengine nao wanatengeneza ngazi za namna hiyo sasa. Faida ya miguu si uthabiti peke yake. Unapoirekebisha unalazimika kuinama na kuitazama ardhi ya jioni ile, na unapoona hatua ya mwisho imezidi unaweka kipande cha mbao kipana chini, au unasogeza gari. Watu wa kempa hubeba vipande vya mbao kwa ajili ya kusawazisha magurudumu. Kata kimoja zaidi, upana wake uzidi upana wa ngazi, kiwe cha kazi hiyo.

Nije kwenye mlango, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wazima wenye afya wakiyumba. Mlango wa kempa hufunguka kwa nje. Umepanda vipandio vitatu, mkono mmoja una mfuko wa vyakula, mwingine unavuta kitasa. Mlango unakujia kifuani. Inakubidi urudi nyuma, na nyuma yako kuna hatua ya kushuka. Upepo ukiwapo mlango hauji polepole, unakuja kwa nguvu. Hali hii hurudiwa kila siku na kila mmiliki wa kempa yenye ngazi nyembamba, na wengi wameizoea kiasi cha kuacha kuiona: wanakunja mwili pembeni, wanauzungusha mlango juu ya bega, wanaingia. Mgeni wao hajui mbinu hiyo.

Dawa yake ni jukwaa. Kipandio cha juu kabisa kiwe kipana na kirefu vya kutosha mtu asimame kwa miguu yote miwili, aufungue mlango, nao umpite bila kumgusa. Si kila ngazi inatoa nafasi hiyo, na si kila gari lina mahali pa kuifunga, lakini kama naruhusiwa kuomba kitu kimoja tu kwa mafundi wa kempa, naomba hicho. Wapo wenye kempa waliochomelewa jukwaa la alumini kwenye bampa ya kempa, ngazi ikaanzia hapo kwenda chini badala ya kuanzia kizingitini. Wapo waliotumia meza fupi ya kukunjwa yenye miguu minne, ambayo mafundi wa kupaka rangi huitumia kusimamia, wakaiweka mbele ya bampa. Ni suluhisho la bei nafuu na si baya kwa kempa yenye sakafu ya chini, mradi miguu yake irefushwe mmoja mmoja na isiwekwe kwenye mchanga mtupu. Kujua kama jukwaa unalotaka litatosha hakuhitaji mhandisi. Fungua mlango nusu, funga kamba kwenye kona yake ya chini ifike ardhini, uuzungushe mlango huku ukichora njia ya kamba kwa chaki. Nje ya mstari huo ndipo miguu yako inapotakiwa kuwa.

Pamoja na jukwaa huja mshikio. Usitazame uzuri wake, tazama unafikika na nani na wakati gani. Mtu mfupi kuliko wote katika familia aufikie akiwa bado amesimama ardhini, na mtu mrefu kuliko wote aufikie akiwa amesimama kizingitini anataka kushuka, bila kuinama. Mshikio mmoja mfupi kando ya mlango mara nyingi unawafaa wanaopanda tu. Aidha, mlango ukiwa wazi kabisa usiufunike. Halafu gonga ukuta. Kuta za kempa ni nyembamba, na mshikio unaobeba uzito wa mtu anayeteleza unahitaji kitu kigumu nyuma yake: mti wa fremu, au bati la alumini lililowekwa upande wa pili na kupigwa bolti. Skrubu zilizoshika ngozi ya ukuta pekee zitakaa vizuri miaka mingi na kung'oka siku utakayozihitaji.

Aina nyingine za ngazi nitazipita haraka. Ngazi za umeme zinazojitokeza mlango unapofunguliwa ni nzuri kwa mabasi ya kuishi, ambayo milango yake iko chini. Kwa mlango wa mita moja hazifiki. Ngazi za kujikunja na kusimama ndani ya mlango, kama StepAbove ya kampuni ya MORryde ya Elkhart, Indiana, ni imara kuliko zote nilizokanyaga, kwa sababu zimefungwa kwenye kizingiti na kusimama ardhini, hazibonyei hata kidogo. Lakini zilifikiriwa zaidi kwa ajili ya matela. Kwenye kempa zinahitaji nafasi mbele ya mlango isiyozibwa na bampa wala chuma cha kuvutia tela, na zinapokunjwa zinaingia ndani na matope yote ya kambini. Ngazi ya vipago, ile ya kuegesha, ni nyepesi na ya bei rahisi, na kijana mwenye kempa ndogo anaweza kuishi nayo. Ila ngazi ya mwinamo ule haishukwi kwa kutazama nje. Inashukwa kama mkwezi anavyoshuka mnazi, uso kwenye shina, mikono yote ikishika, na hakuna mkwezi anayeshuka na sufuria ya maji ya moto.

Ardhi ya Amerika Kaskazini nayo ina maoni yake kuhusu uso wa kipandio. Jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako maelfu ya wasafiri hukimbilia jua la Januari, ni changarawe na vumbi. Huko karibu uso wowote unafaa. Miamba ya Moab, Utah, haina mahali tambarare, na kazi yote ni ya miguu ya ngazi. Kaskazini ni somo zito zaidi. Dempster Highway, barabara ya changarawe ya zaidi ya kilomita 700 kutoka karibu na Dawson City hadi Inuvik, hunyunyiziwa kloridi ya kalisiamu ili vumbi litulie. Mvua ikinyesha, chumvi hiyo na udongo huwa tope linaloshika kila kitu, na likikauka linakuwa gumu. Ngazi ya mkasi iliyokunjwa nyuma ya gari hupokea tope lote linalorushwa na magurudumu. Bawaba zake hugoma, na alumini huliwa polepole mahali inapogusana na bolti za chuma. Anayeelekea huko abebe brashi ngumu na maji ya kuioshea ngazi kila jioni kabla hajaifungua, na asipake grisi kwenye bawaba, kwa kuwa grisi hukusanya mchanga na kuugeuza msasa. Vilainishi vikavu ndivyo vinavyofaa.

Ukanda wa msasa unaobandikwa juu ya vipandio unashika vizuri ukiwa mpya na mkavu. Ukijaa tope au barafu ni sawa na hakuna. Kipandio cha alumini kilichotobolewa, chenye meno kwenye kingo za matundu, kinapitisha theluji na tope chini na kinakwaruza kiatu barabara. Kwa hali ya baridi nakichagua hicho bila kufikiri mara mbili. Hasara yake anaipata mbwa. Mbwa wengi, hasa wazee, hukataa kukanyaga mahali wanapoona ardhi kupitia matundu, na meno yale yanaumiza nyayo zao. Vipande vya zulia la nje vilivyofungwa kwa kamba kwenye kila kipandio vinamaliza tatizo, mradi uvifungue kunaponyesha theluji.

Na wanadamu? Wamiliki wengi wa kempa Marekani ni wastaafu, watu waliongoja miaka yote ya kazi ili waione nchi yao. CDC, taasisi ya serikali inayoshughulika na udhibiti wa magonjwa, inakadiria kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka. Kushuka ndiko kunakolitesa goti zaidi, kwa kuwa misuli ya paja inafanya kazi huku ikirefuka, ikiuzuia mwili usidondoke, na uzito wote uko juu ya goti moja lililopinda. Hatua ikipungua kwa sentimita tano goti linahisi mara moja. Kwa hiyo katika familia asichague ngazi yule mwenye nguvu anayeendesha gari. Achague mwenye goti bovu, au mama mkwe atakayekuja kutembelea, au mtoto wa miaka minne. Ngazi inayomfaa mdhaifu haitamdhuru mwenye nguvu.

Sasa tuinamie bolti. Dukani utaona ngazi nyingi zimeandikwa kuwa zinabeba pauni 300, karibu kilo 136. Namba hiyo ni ya ngazi, si ya mahali ilipofungwa. Mtu wa kilo 90 akisimama kwenye kipandio kilichotokeza nusu mita kutoka bampa, na bolti za juu na za chini zikiwa zimeachana kwa sentimita 10 tu, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu inayolingana na kilo 450. Miguu ya ngazi ikigusa ardhi, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaondoka. Isipogusa, yote inakwenda kwenye bampa ya kempa, na bampa za kempa hazina nguvu zinazolingana. Lala chini, tazama: imechomelewa kwenye fremu, au imeshikwa na mbao? Ukiona mbao iliyolowa au nyufa pembeni mwa bolti, tengeneza hapo kwanza. Ngazi mpya itasubiri.

Anayevuta tela, au boti, ana hesabu ya ziada, kwa sababu shingo ya tela inapita mahali hasa ngazi inapotaka kushukia. Baadhi ya ngazi hutolewa kabisa kwenye vibanio vyake, nyingine hukunjwa juu. Zijaribu tela likiwa limefungwa. Pia simama pembeni ya gari utazame mstari kutoka gurudumu la nyuma hadi sehemu ya chini kabisa ya ngazi iliyokunjwa. Mstari huo ndio utakaokuambia kama utaikwangua ngazi unapotoka kwenye mfereji au kituo cha mafuta chenye kizingiti. Ngazi iliyogonga mara moja hupinda kidogo tu, na kupinda huko kunatosha kuharibu usawa wa vipandio ambao tumeujadili.

Kempa inaposhushwa kutoka kwenye gari na kusimamishwa kwa jeki zake, ngazi iondolewe au ikunjwe kwanza. Ikiachwa miguu yake ikigusa chini huku jeki zikiteremka, uzito wa nyumba utakalia ngazi. Kempa ikishatulia, rekebisha miguu upya kwa kimo kipya. Nyumba iliyo juu ya jeki hucheza kidogo, na ngazi iliyosimama vizuri mlangoni inasaidia kuituliza.

Limebaki swali la usiku, ambalo wasafiri hubishana juu yake: ngazi ibaki wazi wakati wa kulala au ikunjwe? Wanaoikunja wana sababu zao. Wameegesha kwa usiku mmoja katika maegesho ya duka kubwa na hawataki kuonekana wamepiga kambi, au wanahofia wezi, au wako Yukon na wanamfikiria dubu. Mimi nasema ibaki wazi. NFPA 1192, kanuni ya Marekani ya usalama wa moto katika magari ya kuishi, inataka nyumba hizi ziwe na njia ya pili ya kutokea mbali na mlango, na katika kempa nyingi njia hiyo ni dirisha au tundu la paa lililo kitandani, juu ya kichwa cha gari. Kutoka hapo unatokea juu ya pikapu, si ardhini. Njia ya kwanza bado ni mlango, na moto wa gesi au wa waya haumpi mtu nafasi ya kufungua lachi za ngazi kutoka ndani. Mlango ukifunguliwa gizani na ngazi ikiwa imekunjwa, wa kwanza kutoka anaruka mita moja na zaidi bila kujua anaangukia nini, na wa pili anamwangukia. Mahali ambapo kweli ngazi haiwezi kubaki wazi, acha kigoda au kreti imara chini ya mlango, na taa ndogo ya betri kwenye kitasa. Halafu, usiku wa kwanza wa safari, kabla ya kulala, kila mmoja wa walio ndani ashuke mara moja kwa kupapasa, taa zikiwa zimezimwa.